Jibu: Picha 75 za harusi zimeisha ndani ya sekunde 3

Pole sana ndugu. Unasema umeunganisha picha 75 za harusi kuwa video kwa FFmpeg, programu ya kutengeneza video kwa amri za maandishi, na video ikaisha ndani ya sekunde 3. Amri uliyoandika haiko mbali na sahihi. Hukuitajia FFmpeg kasi ya picha, basi ikachukua kasi yake ya kawaida, picha 25 kwa sekunde. Ndiyo maana picha zote 75 zimepita kama upepo.

Zipe kwanza majina ya mfululizo, picha001.jpg hadi picha075.jpg, bila kuruka namba hata moja, maana ikikosekana moja katikati video itakatikia hapo. Kisha andika yote haya kwa mstari mmoja:

ffmpeg -framerate 1/4 -i picha%03d.jpg -i wimbo.mp3 -vf "scale=1280:720:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1280:720:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1" -r 25 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -shortest harusi.mp4

Hiyo 1/4 ina maana kila picha ikae sekunde 4, kwa hiyo utapata dakika 5 kamili. Lazima ikae kabla ya -i ya picha. Ukiipeleka mwishoni haitafanya kazi unayoitaka.

Sehemu ya scale na pad ndiyo itakayowaokoa maharusi: picha zilizopigwa simu ikiwa wima hazitavutwa wala kukatwa vichwa, zitawekewa tu weusi pembeni. Usiiache pia yuv420p, yaani namna ya kuhifadhi rangi za video, kwani bila hiyo video inaweza kucheza vizuri kwenye kompyuta yako halafu ikagoma kwenye simu ya mama.

Na -shortest inasimamisha video pale kilicho kifupi kati ya picha na wimbo kinapoisha, kwa hiyo chagua wimbo usiopungua dakika 5.