Miwani ya Kusomea Baada ya Miaka 40

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mama wa miaka 45, fundi cherehani hapa Kariakoo. Tangu mwaka jana imenibidi nimwombe mwanafunzi wangu anitungie uzi kwenye sindano, na kitambaa cheusi siwezi kukishona jioni. Nilipimwa nikapewa miwani ya +1.50. Nikishona nayo naona vizuri, lakini nikimtazama mteja, uso wake una ukungu, na nikinyanyuka nahisi kizunguzungu. Wifi yangu ananisihi niivue kabla haijaniharibu macho, kwani anasema kila aliyeianza hakuiacha tena. Je, ni kweli? – Mama Fundi, Mbagala.

JIBU: Dada yangu, anachokiona wifi yako ni cha kweli, ila sababu anayoitoa siyo. Wengi walioanza miwani ya kusomea hawaiachi, na namba yao huongezeka kidogo kidogo hadi kwenye miaka ya sitini, lakini ingeongezeka vilevile hata kama miwani ingebaki kabatini. Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo hunenepa tunapotazama kitu cha karibu, kwa msaada wa msuli mdogo unaoizunguka. Lenzi hiyo huanza kukakamaa tangu utotoni, polepole mno, kiasi kwamba mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma maandishi yaliyo chini ya sentimita 10 kutoka usoni pake, ilhali mtu wa umri wako hana budi kuyasogeza mbali. Miwani haiigusi lenzi hiyo wala haimdhoofishi mtu. Hufanya tu sehemu ya kazi ambayo jicho limeshindwa. Kinachopungua ni uvumilivu wako, kwa sababu ukishazoea kuona mishono waziwazi, ukungu ambao ulikuwa ukiustahimili kwa miezi utaanza kukukera.

Ukungu kwenye uso wa mteja nao si ubovu wa miwani. Lenzi ya kusomea imetengenezwa kwa ajili ya umbali mfupi, na hesabu yake ni rahisi: ukigawanya mita moja kwa namba ya lenzi, unapata umbali ambao uoni wazi unakomea kwa mtu anayeona mbali bila shida. Kwa +1.50 ni kama sentimita 67, kwa +2.00 ni 50, na kwa +3.00 ni kama 33 tu. Mteja aliyesimama ng’ambo ya meza ya kukatia yupo nje ya mpaka huo, na maandishi ya daladala yapo nje zaidi. Kizunguzungu hukupata kwa sababu hiyohiyo, kwani ukitembea na miwani hiyo sakafu huonekana kubwa na karibu kuliko ilivyo, nawe unakosea kukadiria pa kukanyaga. Ivae ukiwa umeketi, ivue kabla ya kunyanyuka, na usishuke nayo ngazi za maghorofa ya Kariakoo hata kama mteja anakuita.

Jambo ambalo kwa maoni yangu husahaulika zaidi ni umbali wa kazi yenyewe. Keti kwenye cherehani kama unavyoketi kila siku, mwanafunzi wako achukue futi na kupima kutoka usawa wa jicho lako hadi kwenye sindano, kisha mpelekee mpimaji kipimo hicho. Fundi anayeinama hadi sentimita 35 na karani anayetazama kompyuta iliyo sentimita 65 hawastahili kupewa namba moja kwa sababu tu wamezaliwa mwaka mmoja. Kwa kuwa wewe hupokea wateja huku ukishona, ningekushauri miwani nyembamba inayokaa chini kidogo juu ya pua, ili umtazame mteja kwa juu yake, au ile ya baifoko ambayo sehemu ya kusomea ipo chini. Sogeza pia cherehani karibu na dirisha, kwani mwangaza mkali huibana mboni na kuongeza uwazi wa unachokitazama. Maumivu ya kichwa yakiendelea baada ya wiki mbili, rudi upimwe upya.

Miwani ya kununua barabarani si sumu, lakini namba yake ni moja kwa macho yote mawili, na muuzaji haangalii ndani ya jicho. Ukishavuka miaka 40 uchunguzi huo una maana, kwa sababu presha ya macho hula uoni kimyakimya bila maumivu, na mwenye kisukari anaweza kupewa namba isiyo sahihi akipimwa wakati sukari haijatulia. Kliniki za macho za Muhimbili na CCBRT pale Msasani hufanya uchunguzi huo. Usisubiri miadi ukiona miale, pazia jeusi, au jicho likawa jekundu lenye maumivu makali huku uoni ukififia.

SWALI: Nina miaka 50, ni dereva, na tangu ujana navaa miwani ya kuonea mbali. Siku hizi nikitaka kusoma risiti lazima niivue, na wenzangu wananicheka. Je, macho yangu yanapona? – Msomaji, Kimara.

JIBU: Hayaponi, ndugu yangu, ila una bahati ndogo. Mwenye namba ya kuonea mbali ya -2.00, kwa mfano, akivua miwani huona wazi kitu kilicho umbali wa nusu mita, hivyo macho yako yana miwani ya kusomea ya kuzaliwa nayo. Endelea kuivua bila aibu. Ukianza kushindwa kusoma dashibodi ukiwa umeivaa, ndipo umwombe mpimaji lenzi zinazobadilika polepole kutoka juu kwenda chini, na uzizoee nyumbani na kwenye matembezi kabla ya kushika usukani nazo.