Re: Malazi ya bei nafuu Kisumu, watu wazima wawili na watoto watatu

Dada, umeuliza pa kulala Ijumaa hadi Jumapili bila kumaliza pesa. Anza na Milimani. Ni mtaa mtulivu, na kuna nyumba za wageni za masista na za makanisa: safi, kiamsha kinywa ndani ya bei, lango linafungwa mapema. Kwa familia yenye watoto ningechagua huko kabla ya hoteli yoyote ya katikati ya mji, maana Jumamosi usiku muziki wa mabaa haulazi mtoto.

Ukipendelea hoteli, piga simu mwenyewe. Zile zinazoishi kwa semina hujaa katikati ya wiki, wikendi vyumba vinabaki, na meneja anasikia lugha ya kupunguziwa. Usiseme tu "tuko watano". Taja umri wa kila mtoto, uulize kama wadogo wanalala bure na wazazi, godoro la ziada ni pesa ngapi, na kama chai ya asubuhi ya watoto inalipiwa kando. Bili huvimba hapo. Kisha omba picha ya kitanda kikiwa na neti imeshushwa. Huku kando ya ziwa malaria ipo, na neti iliyotoboka haina kazi.

Kutoka Milimani, tuktuk inawafikisha haraka kwenye hifadhi ya wanyama ya Impala na ufuo wa Dunga. Elewaneni nauli kabla ya kupanda. Samaki mkale hapo ufuoni, mtagawana mmoja mkubwa na ugali.