Kuwafundisha wanajamii na wataalamu wa huduma kutafiti pamoja: ushauri kwa mwezeshaji mpya

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza kuendesha mafunzo ya utafiti shirikishi, huenda ukashawishika kuwagawa washiriki: wanajamii wafundishwe misingi ya utafiti, na wauguzi, matabibu na maofisa ustawi wa jamii wapewe mada za juu zaidi kwa kuwa wao wamekwisha kusoma. Usifanye hivyo. Watakaotafiti pamoja wajifunze pamoja tangu siku ya kwanza, kwani mgawanyo huo huwaonyesha, kabla hata hujasema neno, nani ni mtafiti na nani ni msaidizi wake, na dhana hiyo ikishaingia ni kazi kubwa kuiondoa.

Anza na swali la utafiti, si mbinu. Swali likiwa limekwisha kuandikwa ofisini, wanajamii watabaki kuwa wabeba madodoso tu. James Lind Alliance, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huwakutanisha wagonjwa, wanaowauguza na wataalamu wa tiba mpaka wakubaliane maswali 10 yanayostahili kutafitiwa kwanza. Wewe huhitaji utaratibu mrefu hivyo. Kila mmoja aandike swali lake kwenye karatasi isiyo na jina, karatasi zichanganywe, kisha zisomwe kwa sauti na kujadiliwa, ili swali lipimwe kwa uzito wake na si kwa cheo cha mwenyewe.

Muda mwingi utumie kwenye mazoezi ya mahojiano, na usishangae wataalamu wakipata shida kuliko wengine. Muuguzi amezoea kuuliza ili asaidie. Akisikia mhojiwa ameacha dawa, humkatiza na kuanza kumshauri, na mahojiano hugeuka kliniki. Mwanajamii naye ana mtego wake: kwa kuwa mazingira anayajua, humalizia mwenzake sentensi na kuandika jibu ambalo halikutolewa. Waweke watatu watatu, mmoja ahoji, mwingine ajibu, wa tatu aandike kila mahali mhoji alipoingilia, kisha wapokezane.

Uchambuzi wa majibu ndio sehemu ambayo wengi huwaachia wataalamu, na kwa maoni yangu hapo ndipo ushirikiano unapokufa. Chukua ukurasa mmoja wa mahojiano ya mazoezi, wote wausome, kila mmoja apigie mstari anachoona ni muhimu na kukipa jina pembeni. Mhojiwa akiwa amesema, "Dawa nilikuwa nazimeza wageni wakishaondoka," mtaalamu huenda akaandika "hafuati ratiba ya dawa", na mwanajamii akaandika "anaogopa kujulikana". Usiharakishe kuamua nani yuko sahihi. Waache wabishane wakirejea maneno yenyewe, kwa sababu ubishi huo huwafundisha uchambuzi kuliko mada yoyote utakayoiandaa.

Kuhusu maadili, fomu ya ridhaa haitoshi. Azimio la Helsinki, tamko la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti wa tiba unaohusisha binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari awe mwangalifu anapomwomba ridhaa mtu anayemtegemea, na kwamba katika hali hiyo ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye sifa asiyehusika na uhusiano huo. Kwa hiyo mhudumu asimhoji mgonjwa wake, maana mgonjwa huyo hana uhuru wa kukataa. Mwanajamii vilevile asimhoji jirani yake wa karibu. Si kwamba haaminiki, bali jirani ndiye atakayeendelea kukutana naye kila siku akijua kwamba mhoji huyo anayo siri yake.

Suala la malipo lizungumzwe mapema na waziwazi. Mtaalamu akihudhuria mafunzo mshahara wake unaendelea, ilhali mwanajamii huenda ameacha kibarua au ametafuta mtu wa kumwangalizia watoto, hivyo posho yake isichukuliwe kuwa hisani. Siku hiyohiyo kubalianeni pia majina ya nani yatawekwa kwenye ripoti na kwa mchango upi, na makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa kabla hamjamhoji mtu wa kwanza.