Kiwanja cha Mama kisiuzwe

Mdogo wangu, ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu. Unasema wakala wa Dar anataka milioni 14 akupatie kazi ya kutunza wazee huku Uingereza, na kwamba kiwanja cha Mama kikiuzwa zitatimia. Halafu ukaongeza kwamba ukoo mzima unajua dada yako anaishi kijiji cha matajiri, nyumba za mawe na maua madirishani, ila anawabania.

Kwanza la wakala. Anakudanganya. Serikali ya huku ilifunga mlango wa kuleta watunza wazee wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Mimi niliingia 2023, mlango ukiwa wazi. Akikuonyesha karatasi yenye muhuri, hata iwe inang'aa vipi, usimpe hela wala pasipoti.

Sasa la kubania, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Kijiji ninachofanyia kazi kinaitwa Eyam, wenyewe wanatamka "Iim". Kiko kwenye milima ya Derbyshire, magharibi ya Sheffield, na kina watu 1,000 hivi. Nyumba ni za mawe kweli. Mimi naingia humo saa 12 asubuhi kuwaamsha wazee, kuwaogesha, kuwabadilisha nepi, kuwapa dawa na chai, kisha nakimbilia nyumba nyingine. Nalipwa dakika nilizokaa ndani ya nyumba. Za barabarani hazihesabiwi. Mtoto wa Lushoto nilijua baridi naifahamu. Ile yetu unakoka moto, unajifunika, imekwisha. Ya huku mwezi wa Januari inakusubiri ndani ya gari kabla hujaingia. Kazi yenyewe siionei haya, Mama alimwogesha Bibi miaka minne na hakuna aliyemcheka.

Nje ya kijiji, kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton, kuna jiwe lenye matundu juu yake. Bibi mmoja ninayemhudumia ndiye aliyenieleza habari zake. Septemba 1665 fundi wa nguo wa hapa alipokea kitambaa kutoka London, kikiwa na viroboto wenye tauni. Watu wakaanza kufa. Mwaka uliofuata mchungaji wao, William Mompesson, akisaidiana na Thomas Stanley aliyemtangulia, aliwaomba wanakijiji wasitoke, ugonjwa usienee kwa majirani. Wakakubali. Ibada wakaifanyia bondeni, hewani. Watu wa nje walileta chakula mpaka mpakani wakaondoka, na wa ndani waliacha sarafu kwenye matundu ya jiwe hilo, zimezamishwa kwenye siki ili zisibebe ugonjwa. Mpaka Novemba 1666 walikuwa wamekufa watu 260. Mama mmoja alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake, peke yake.

Nimelishika jiwe lile. Kingo za matundu zimelainika, na siku niliyokwenda yalikuwa na maji ya mvua yaliyoanza kuganda. Nikamkumbuka Mama. Alipofariki nilituma laki tano za sanda na chakula cha msiba, na nikasikia maneno yaliyosemwa jamvini: yuko Ulaya, laki tano tu! Hamkujua kwamba mshahara wa mwezi ule ulikuwa umeishia kwenye kodi ya chumba na mafuta ya gari. Hamkujua niliomba ruhusa nikanyimwa. Kibali changu kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Udhamini ukikatika napewa siku 60 nipate mwingine, au niondoke nchini. Nilibaki. Siku anazikwa nilikuwa nimepiga magoti namvisha mtu soksi. Laki tano zilifika, mimi sikufika, na hilo sitamlaumu mtu. Niliamua mwenyewe.

Mompesson, kabla kijiji hakijajifunga, aliwaondoa watoto wake wawili. Mkewe Catherine alikataa kuondoka, akafa Agosti 1666. Kaburi lake liko uani kwa kanisa, na huwa nalipita. Sijui wale watoto waliishije na habari hiyo. Mimi nikilipita najiona mimi ndiye mtoto aliyeondolewa.

Kwa hiyo usije, mdogo wangu. Usije kwa njia hiyo. Lakini usiniambie pia kwamba utakaa kijiweni unangoja nitume. Una alama nzuri za sayansi, omba chuo cha uuguzi. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaitwa huku, tena anakuja kwa heshima yake. Ada ya mwaka wa kwanza nitajitahidi. Ukishahitimu ukaniambia hutaki tena kuja, nitafurahi, atakuwepo mtu wa kupalilia kaburi la Mama. Na ukija nitafurahi zaidi, nisikufiche. Nakaa wiki tatu bila kuongea Kisambaa wala Kiswahili na mtu aliye mbele yangu. Kuna siku nataka mtu wa kwetu aingie tu, hata asiseme kitu, akae.

Ukoo waambie hivi: simbanii mtu. Nikituma nyingi ujue nimechukua zamu za usiku, nikituma kidogo ujue nimeumwa au wazee wangu wamelazwa, na wakilazwa sina saa za kazi. Usiwaambie nililia.

Hati ya kiwanja mpelekee Mjomba leo, aifungie sandukuni kwake. Nimekutumia laki mbili za bati za jiko la Mama, fundi umlipe nusu kwanza. Zikiingia usiniandikie neno moja "imeingia" kama kawaida yako. Nipigie.