Mtamba wa Gredi au Mbuzi wa Kienyeji?

SWALI: Mhariri, ukame uliopita uliua ng'ombe wetu wote. Sasa mvua imerudi, na shirika moja limejitolea kumpa kila mwanachama wa kikundi chetu cha akina mama mtamba mmoja wa gredi, yaani ng'ombe jike mchanga wa maziwa mwenye damu ya kigeni. Wenzangu wanataka tukubali haraka. Je, unatushaurije?
Msomaji, Kaunti ya Marsabit

JIBU: Dada, pole kwa hasara hiyo, ambayo haikuwapata ninyi peke yenu: tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ushauri wangu ni kwamba mwombe mbuzi majike wa kienyeji, wanaonunuliwa katika masoko ya huko huko. Ng'ombe wa gredi huhitaji maji na lishe nyingi kila siku, hushindwa upesi na joto na mwendo mrefu, na hudhurika zaidi na magonjwa ya kupe. Isitoshe, ng'ombe hubeba mimba miezi 9 ilhali mbuzi hubeba 5 tu, kwa hiyo maziwa yatawafikia watoto mapema, na mama anayedaiwa karo ataweza kuuza beberu mmoja bila kumaliza kundi.

Linalosahaulika mara nyingi ni chakula cha watu wenyewe. Nyumba isiyo na unga itamuuza mnyama wa msaada kabla hajazaa, wala siwezi kuilaumu. Msione haya, basi, kudai mgao wa chakula au fedha kwa miezi ya mwanzo. Msipokee wanyama kabla malisho hayajakomaa, na mwulizeni daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo na ile ya homa ya mapafu ya mbuzi. Mvua ikizidi mno, jihadharini na Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu na ilizuka nchini baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 na 2006. Mnyama akiharibu mimba, msiishike kwa mikono mitupu.

Iwapo kwenu ni Waborana, mnayo busa gonofa, desturi ya ukoo kumchangia mifugo aliyefilisika, na shirika lingefanya vyema kuwauliza wazee nani apewe kwanza. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010, ambayo hulipa kwa kupima hali ya malisho kwa setilaiti, ifikirieni kundi likishakua. Kwa mbuzi wachache, heri ada ya bima hiyo inunue dawa ya minyoo.