Uganga wa Rangi Usiuite Uchawi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natia rangi vitambaa hapa Igoma, Mwanza, kwa manjano, maganda ya vitunguu na magome ya mninga. Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Magu, naye ana masharti yake: magome huchukuliwa kiangazi tu, na mtu aliyetoka kugombana hakorogi sufuria. Bango langu nililiandika "Uchawi wa Rangi za Msimu", kama nilivyoona kwa wenzetu wa Ulaya mtandaoni. Mama mkwe kaling'oa. Nimekosea Kiswahili? Na nguo hupakwa rangi au hutiwa?

JIBU: Marahaba, dada. Hilo la mwisho tulimalize kwanza. Ukuta hupakwa rangi, kucha hupakwa rangi, kwa kuwa rangi hukaa juu. Nguo, ukili na ngozi hutiwa rangi, kwa kuwa rangi huingia ndani. Kuchovya ni kule kuzamisha na kutoa tu. Neno rangi lenyewe asili yake ni Kiajemi, na limekaa kwetu hadi limekuwa mwenyeji.

Sasa bango. Mama mkwe wako kafanya la haki, na ningekuwa jirani ningemshikia ngazi.

Siku hizi uchawi umegeuzwa sifa. Mshambuliaji akipiga chenga mbili, mtangazaji anamwita mchawi wa mpira. Mama ntilie akikaanga sato akapendeza, eti ana uchawi jikoni. Neno zito linatupwa hovyo na watu wavivu wa kutafuta fundi, bingwa, stadi au hodari, maneno ambayo tunayo na hayana doa.

Kiswahili hakikuchanganya mambo haya. Mchawi huroga. Mganga huganga, yaani hutibu, na ndiyo maana wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nenda hospitali yoyote ya serikali: utakuta Mganga Mfawidhi. Mkoa una Mganga Mkuu wa Mkoa, wilaya ina wake, na nchi nzima ina Mganga Mkuu wa Serikali. Hao ni madaktari waliosomea, na cheo chao kimejengwa juu ya kitenzi hicho hicho, kuganga. Katika cheo hicho ondoa mganga, weka mchawi, uone kama kuna mgonjwa atakayekanyaga pale. Mwandishi wa habari anayeandika "mganga" katika aya ya kwanza na "mchawi" katika aya ya pili, akimsema mtu yule yule, amemhukumu mtu bila kesi. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na kila mara linanichoma.

Kisukuma nacho kimetenga: nfumu ni mganga, nogi ni mchawi, na hakuna mzee wa Kisesa atakayekubali uyachanganye. Wacheza ngoma wa makundi mawili ya Kisukuma, Bagika na Bagalu, wanaoshindana baada ya mavuno, huenda kwa nfumu kutafuta dawa ya kuvuta watazamaji. Huo ndio uganga wa msimu kama unautaka, na wenyewe huiita dawa. Hata sheria imetenga: Sheria ya Uchawi ni ya 1928, Sura ya 18, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya 2002. Moja inakataza, nyingine inasimamia.

Utaniambia wapo waganga walioagiza viungo vya watu wenye ualbino. Wapo, na ndiyo maana Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku. Kwangu mimi mtu huyo ni muuaji aliyejificha nyuma ya jina jema.

Nakasirika hivi kwa sababu tuko Usukumani. Hapa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia maisha yao yote. Lililotangulia panga ni neno, na neno hilo ndilo uliloliandika kwa rangi nzuri kwenye bango. Mama mkwe wako bila shaka anawajua waliotajwa hivyo. Kwake yeye hilo si pambo la biashara.

Hao wenzetu wa Ulaya wana historia yao. Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi 1951, ndipo wakajitokeza watu kujiita wachawi hadharani, wakiadhimisha sikukuu nane kwa mwaka kwa kufuata jua. Tarehe 31 Oktoba wao wanaaga mavuno na kupokea baridi. Sisi huku tunasubiri mvua za vuli na jembe liko mkononi. Msimu wao hauhami, na jina lao halihami nao.

Na humo sufuriani kuna nini hasa? Chukua kitambaa cha pamba ulichokichemsha na manjano. Kidondoshee maji ya magadi, yale ya kulainishia maharage. Pale yalipoangukia panageuka pekundu papo hapo. Kamulia ndimu, njano inarudi. Hapo hakuna aliyerogwa. Manjano hubadilika ikikutana na magadi, na ndimu huyavunja makali yake. Hayo ni maajabu, na neno maajabu linatosha. Usiyaite mazingaombwe pia, kwa maana mazingaombwe ni kudanganya macho, na wewe humdanganyi mtu.

Mninga nao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na waganga wa sehemu nyingi huutumia kwa maradhi ya damu. Huo ni uganga. Masharti ya bibi yako ni miiko. Yaandike hivyo hivyo, uyaheshimu, na umtaje kwa ruhusa yake.

Basi bango lisomeke: "Vitambaa vya Rangi za Mimea, kwa Miiko ya Bibi." Mpelekee mama mkwe alisome kabla halijapanda ukutani. Na mteja akilalamika kuwa kitambaa "kinatoa rangi", Kiswahili chake ni kwamba kinachuja. Siku nyingine kitie shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, kabla ya kukitia rangi.