JIBU: Mtoto amepata diplomi ya Leta anataka kuingia mahad, nimuachilie?

Mama, asalam aleikum. Nimesoma swali lako mara mbili mbele ya kujibu. Umesema kijana wako amemaliza ekzeta, ule mtihani wa Leta (serikali) wa mwisho wa sekondari, mwaka huu, badala ya inivesite (chuo kikuu) anataka kuingia mahad, chuo cha dini, hapa Goma asome dini na Kiarabu miaka mitatu, baba yake anasema ni kupoteza wakati, na wewe unauliza kama atajua Kiarabu kweli, ile sertifika itamusaidia nini, na ile ahadi ya bursi (kulipiwa masomo) ya Madina ni kweli ama ni maneno tu. Nakujibu kama mutu aliyepita humo. Nilisoma miaka minne ku mahad mbili tofauti, moja ilinipotezea mwaka, ya pili njo ilinifundisha. Na Watanzania mulio humu munisamehe Kiswahili changu, hiki ni Kingwana cha Goma, nitajikaza.

Mimi nilihitimu Kurani nikiwa na miaka kumi na tatu, chuo cha maalimu pale Birere. Waislamu wengi wa mitaa yetu asili yao ni Maniema, Kasongo kule, wazee walikuja na dini yao na kanzu zao toka enzi za Tippu Tip, na namna ya kufundisha njo ileile, alifu, juzuu amma, khitima, walima, basi. Babu alipokufa tukasoma Yasini matangani. Jirani yetu mmoja Mkatoliki, muzee wa heshima, alikaa na sisi mpaka usiku, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile mulikuwa munasoma inasemaka nini?" Nikaona haya kusema sijui. Nikakumbuka mule ndani kuna "ya hasratan alal ibad", nikamujibu bila wasiwasi, inasema Mungu ako na hasira na watu wake. Muzee akatikisa kichwa akasema ni kweli, tumezidi. Miaka mitatu baadaye, niko darasani, njo nikajua hasra ya Kiarabu si hasira, ni majuto, ni masikitiko, ile aya ya 30 inawasikitikia waja, haiwakasirikii. Muzee alikuwa ameshahamia Bukavu, sikupata kumusahihishia.

Nimeanza na hiyo kwa sababu njo jambo langu kubwa Mama. Mutu wa Kiswahili anaingia mahad akidhani nusu ya Kiarabu anayo tayari, na kweli anayo, ila hiyo nusu inamusaidia na inamudanganya siku hiyohiyo, na mahad isiyoshughulika na hilo inamutoa miaka mitatu kisha anajua tafsiri za watu tu.

Mahad ya kwanza sitaitaja. Horeri (ratiba ya masomo) ubaoni ilikuwa nzuri mno, fiqhi, tauhidi, sira, hadithi, tajwidi, nahau, jumla masomo kumi na moja, mzazi akiona anasema hapa kuna elimu. Lakini vyote tulisomeshwa kwa Kiswahili. Ustadhi anasoma mstari mmoja wa Kiarabu, anatafsiri, sisi tunaandika tafsiri juu ya mstari kwa kalamu ya risasi, kesho tunaendelea na mstari mwingine. Mwisho wa mwaka vitabu vyangu vilijaa kalamu ya risasi, ukifuta yale maandishi nabaki sina kitu. Nahau, yaani sarufi, tulihifadhi Ajurrumiyya, kijitabu cha Ibn Ajurrum wa Fasi kule Moroko aliyekufa 1323, chembamba kabisa, tulikiimba wote sauti moja na mimi nilikijua kichwani toka mwanzo mpaka mwisho, ila kuomba maji ya kunywa kwa Kiarabu nilikuwa siwezi. Jamani musinirukie, sisemi kitabu ni kibaya, kimefundisha watu miaka mia saba. Nasema kilitangulizwa kwa watoto wasiojua hata kusema hii ni meza.

Ya pili ilikuwa vyumba viwili vya mbao upande wa Ndosho, chini ni lava iliyosawazishwa na udongo kidogo, mvua ikipiga mabati ustadhi ananyamaza tunangoja. Miezi sita ya kwanza hakuna fiqhi hakuna sira, lugha tupu, saa tatu kila asubuhi. Alitumia vile vitabu vitatu vya Madina, vya Daktari Abdur Rahim, vinavyoanza na "hadha", hii ni nyumba, huu ni msikiti. Tulicheka, watu wazima, wengine maimamu wa Ramadhani, tunakariri huu ni mlango. Kisha ya wiki nane hakuna aliyekuwa anacheka.

Wiki ya kwanza akaandika ubaoni maneno manne, kama vile tunayasema sisi huku: zambi, feza, azuhuri, zaka. Akauliza, hapa kuna z ngapi? Tukasema moja tu. Akasema ziko nne. Kwa herufi za Kiarabu, zambi ni dhali, feza ni dhadi, azuhuri ni ile dha nzito, zaka peke yake njo zai. Watu wa pwani wao angalau wamebakiza dh, Kiswahili chetu sisi kilipanda toka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji mpaka Kasongo, na dh na th kikaziangusha njiani kama mupagazi aliyechoka. Huku tunasema sawabu kwa malipo ya Mungu, kumbe Kiarabu ile ni thawabu, na sawabu yenye swadi maana yake ni jambo lililo sahihi, ustadhi alikuwa anatuambia nyinyi kila jioni munaomba Mungu awape majibu ya mtihani. Tulikaa kwenye hizo herufi karibu mwezi, ulimi katikati ya meno, motari, wale wa pikipiki, wanaopita nje wanatucheka.

Lakini hichohicho Kiswahili njo kilitubeba kwenye sarfu, somo la namna maneno yanavyojengwa. Siku moja aliandika hakimu, hukumu, mahakama. Chini yake katibu, kitabu, maktaba. Chini darasa, madrasa. Akasema haya yote munayajua toka kwa mama zenu, sivyo? Akaanza kufuta, akaacha herufi tatu tatu, h-k-m, k-t-b, d-r-s, akasema huu njo mzizi, maana imelala humo, na hii ma- ya mbele mara nyingi ni fasi (mahali) ya kufanyia lile jambo, mahakama fasi ya hukumu, maktaba fasi ya vitabu. Kijana mmoja fundi wa pikipiki, alikuwa ameshakutana na tabakha, kupika, akanyoosha mkono akauliza, basi matbakh ni jikoni? Darasa lote tukapiga kelele. Hakuna aliyemufundisha lile neno, alilijenga mwenyewe. Toka siku ile niliacha kuogopa kamusi, kwa sababu kamusi ya Kiarabu imepangwa kwa mizizi, ukikosa mzizi hutapata neno hata ukitafuta mpaka magharibi.

Na kudanganywa hakukuisha. Alikuja mgeni wa Misri kututembelea, nikataka arudilie neno fulani, nikasema kwa adabu zote "tafaddal ya sheikh". Akasimama, akafunga kitabu, akaja mpaka ku deski langu akitabasamu, kumbe Kiarabu tafaddal ni kukaribisha mutu, pita, chukua, kula, mutu anayeomba anasema min fadlik. Nilibaki naye pale sina kitu cha kumukaribisha nacho. Siku nyingine tumefika Suratu Taghabun aya ya 15, mali zenu na watoto wenu ni fitna, mama mmoja wa darasa letu akasema hiyo haihitaji tafsiri, wangu wananifitinisha na baba yao kila siku. Ni mtihani, Mama, fitna hapo ni mtihani. Lakini sisi wote mpaka leo tunakumbuka tafsiri ya yule mama.

Sasa baba yake kijana anataka ajue kama mahad ni ya kweli. Msiangalie horeri wala ukuta uliopakwa rangi. Aende siku ya masomo, abebe maandishi yoyote ya Kiarabu yasiyo na irabu, hata kipande cha gazeti lililofungiwa tende, aombe mwanafunzi wa mwaka wa pili amusomee mistari mitano. Kurani na vitabu vya watoto vina fat-ha na kasra na dhuma, kila herufi inakuambia isomeke vipi, chuo chote kinatulea na hizo. Maandishi ya watu wazima hayana. Zile kaf, ta, ba, zikiwa tupu, zinaweza kuwa kataba, aliandika, ama kutiba, kiliandikwa, ama kutub, vitabu, na anayekuonyesha ni ipi ni sentensi yenyewe, yaani lazima uelewe mbele ya kutamka. Ndiyo kinyume cha chuo, kule tunatamka kwanza, kuelewa Mungu akipenda. Hata asiyejua alifu ataona tofauti, anayejua anaenda polepole lakini anasonga, asiyejua anakwama neno la pili na macho yanamutafuta ustadhi. Ile mahad yangu ya kwanza ingeanguka mtihani huo hata kwa wa mwaka wa tatu.

Halafu aulize ustadhi wa lugha analipwa na nini. Swali baya lakini aulize. Wetu alilipwa kwa michango, dolari tano kwa mwezi kila mwanafunzi, na tulikuwa tunachelewesha. Volkano ilipotoka tarehe 22 Mei 2021 tukatawanyika, mimi Sake, wengine Gisenyi, tuliporudi tulikuwa kumi na wawili toka thelathini na mmoja. Ustadhi akaanza kuendesha moto, pikipiki ya abiria, mchana na kufundisha kisha ya magharibi, darasa la saa tatu likawa la saa moja. Hakuacha, Mungu amulipe, lakini lugha haisomwi hivyo.

Kuhusu sertifika niseme wazi. Leta inataka diplomi yake kwa mutu anayeingia inivesite, ya mahad haichukui nafasi hiyo, kwa hiyo kijana amefanya vizuri kumaliza ekzeta kwanza. Kazi anazopata mutu wa mahad ni kufundisha madrasa, uimamu, masomo ya dini kwenye shule za konvansione za Kiislamu (za Leta lakini dini njo inaziendesha), na mushahara wake usiuhesabie kujenga. Wengine wanasema Kiarabu kitamusaidia biashara ya Dubai. Nilienda mara moja na mjomba kununua spea, nikafungua Kiarabu changu cha kitabu pale Deira, irabu zote mwishoni zimekamilika, muuzaji akaniangalia kama nahutubia Ijumaa, akanijibu Kiingereza. Alikuwa Mhindi. Wa duka lililofuata alikuwa Mwarabu kweli, akacheka akaita wenzake waje wanisikilize, kwa sababu wao sokoni wanaongea lahaja yao, hakuna anayenunua fen-belti kwa fusha, Kiarabu cha vitabuni. Punguzo alitupatia lakini.

Bursi ipo, si uongo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kipo toka 1961 na kinapokea wanafunzi wa nchi nyingi, wasiojua lugha wanaanza na kitengo cha lugha kisha wanaingia kuliya (kitivo). Ila maombi anayajaza mwanafunzi mwenyewe kwenye mtandao, na wanaochaguliwa ni wachache. Nakuambia hivyo kwa sababu sisi kuna mutu alitukusanyia dolari makumi tano kila mmoja "ya kupeleka dosye" (karatasi za maombi), sitasema ni nani, dosye hazikuonekana, dolari pia. Mwenzangu mmoja alipata Khartoum, Inivesite ya Afrika, akasoma vizuri mpaka vita ilipoanza Aprili 2023, akatoka na begi moja. Iko na Inivesite ya Kiislamu ya Mbale Uganda pia, lakini kule masomo mengi ni Kiingereza, basi kama kijana shabaha yake ni Kiarabu ajue hilo mapema. Mimi ningemuambia aingie mahad kwa ajili ya kusoma bila irabu, bursi ikija ije, isipokuja asione amepoteza. Na kama inawezekana achanganye, mahad asubuhi inivesite jioni, wawili wa promosio yetu (tulioanza pamoja) walifanya hivyo, walikonda lakini walimaliza.

Uliuliza mwishoni kama miaka kumi na tisa si mingi kwa kuanza lugha. Yule mama wa fitina alikuwa amepita hamsini, anauza sambaza, samaki wadogo, sokoni, alikuja darasani na harufu yake na daftari lake na alituzidi sarfu karibu wote, maana akienda sokoni alikuwa anakariri kataba, katabat, katabtu mpaka wateja wakamuzoea. Bado anauza. Madeni ya watu anayaandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu hichihichi lakini kwa alifu na ba, anasema hivyo wateja hawawezi kumupunguzia akigeuka. Wiki iliyopita nilipita akanifungulia ukurasa, nikasoma vizuri kabisa, bila irabu: jina langu, dolari mbili, toka Ramadhani.